Mtandao wa Mkate Moto

Marehemu alikuwa amelala ubavu sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, na kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilikuwa bado juu ya kitufe chekundu.

Inspekta alichuchumaa, na goti lake la kulia likalalamika kama kawaida yake. Alikuwa na miaka hamsini na saba, amebakiza mitatu astaafu. Alishaona watu waliokufa wameshika visu, noti, hata nywele za wenzao. Aliyekufa ameshika kitufe hakuwahi kumwona.

"Usikiguse," sauti ilisema nyuma yake.

"Mama, mimi ndiye polisi."

"Najua, ndiyo maana nakwambia. Tangu saa kumi sijaruhusu mtu aguse kitu humu, hata mto."

Aliyesema hivyo alikuwa muuguzi wa majumbani, mwanamke mnene mwenye viatu vyeupe, aliyekuja pale kila Jumatatu na Alhamisi kumnyoosha mgonjwa viungo. Ndiye aliyemkuta sakafuni. Ndiye pia aliyepiga simu kituoni, jambo ambalo Inspekta hakulielewa vizuri.

"Mama wa miaka sabini na mbili, mgonjwa wa kiharusi," alimwambia. "Wengi wangeita jamaa, si polisi."

"Nimewasitiri wengi, afande. Anayekwenda usingizini haendi ameng'ang'ania kengele. Huyu aliita, na hakuna aliyekuja. Nataka mtu aniambie kwa nini."

Akamweleza mambo yalivyokuwa. Marehemu alikuwa mshonaji wa sare za shule, na nusu ya watoto wa mtaa ule walivaa kaptula zake. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia na sauti. Kikabaki kidole gumba kimoja, chenye sugu ya sindano, na kitufe. Kitufe kiliungwa kwa waya na kompyuta ndogo iliyokaa juu ya kabati la kando ya kitanda. Mama akibonyeza, kompyuta hupeleka ujumbe kwa waifai ya nyumbani hadi kwenye simu ya binti yake, nayo hulia hata ikiwa imenyamazishwa. Binti akigusa neno NAKUJA, taa ndogo ya buluu huwaka kando ya kitanda, mama akajua amesikiwa. Binti akishafika, mama hubonyeza tena na taa huzimika.

"Nani aliyewatengenezea?"

"Mkwe wake. Kwa mikono yake mwenyewe. Mtaa mzima wanamwita Fundi, hata mkewe anamwita Fundi."

Inspekta alitazama kioo cha kompyuta. Palikuwa na nukta ya kijani na maandishi: UMEUNGANISHWA.

Binti alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, simu imelala mapajani kifudifudi. Unga ulikuwa umemganda kwenye nyusi. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, na mtu wa tanurini haoshi unga wote hata aoge mara mbili. Inspekta alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Pole sana, mama."

"Asante, afande."

"Kuanzia saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu, nimelala. Naingia kazini usiku wa manane, natoka saa nne asubuhi. Nikirudi namlisha, namsafisha, namgeuza. Ndipo nalala. Ndipo na yeye ananiita."

"Mara ngapi?"

"Siku nzuri, mara kumi. Wakati mwingine ni maji. Wakati mwingine hana shida yoyote, anataka tu kuona uso wa mtu."

"Na leo?"

"Leo hakuita hata mara moja." Alifuta uso kwa kiganja, unga ukahamia shavuni. "Nililala mpaka nikaota, afande. Sikumbuki mara ya mwisho niliota lini. Nesi anapiga yowe, mimi nacheka usingizini."

Inspekta aliandika hilo kwenye daftari lake.

"Nina swali moja tu," binti alisema. "Mkimaliza kupima vitu vyenu, mniambie. Mama aliniita? Kama hakuniita, nitamlilia kama watu wengine wanavyolilia mama zao. Lakini kama aliniita, na mimi nimelala hapo ng'ambo ya korido naota..."

"Nitakuambia," Inspekta alisema.

Ilikuwa ahadi ya haraka. Baadaye alitamani angeitafuna kwanza kabla ya kuitoa.

Fundi alisimama sebuleni, kando ya meza yake ya kazi. Alikuwa mwembamba, vidole vimeungua ncha kwa lehemu, na kwenye paji la uso palikuwa na alama ya mduara iliyoachwa na kioo cha kukuzia. Simu yake ilichungulia kutoka mfuko wa shati.

"Mchana wa leo ulikuwa wapi?"

"Kibandani kwangu, afande. Natengeneza simu, pale kona ya pili."

"Ulirudi saa ngapi?"

"Saa kumi. Nimefika sawa na nesi. Nilimtangulia dakika tu."

"Unampenda mama mkwe?"

Swali lilimshtua. "Alinishonea suti ya harusi," alisema, kisha akatazama kando. "Hakuchukua hata senti ya uzi."

Daktari wa polisi alifika, akapima, akavua glavu. Alikadiria kifo kati ya saa tisa na saa tisa na nusu. Hakukuwa na jeraha ila mchubuko wa nyonga wa kuanguka. Moyo ulikuwa umechoka.

"Angepata msaada mapema?"

"Pengine angekuwa hai. Lakini hiyo pengine usiiandike kwa herufi kubwa."

Marehemu alifungwa kwenye shuka, majirani wanne wakaja kumbeba. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu na ngazi zilikuwa nyembamba, kila mkono ulihitajika. Binti alishuka nyuma ya machela, ameshika pindo la shuka. Muuguzi alitangulia akisema taratibu, taratibu. Fundi aliwasindikiza mpaka mlangoni, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, akaurudisha.

"Njoo ushike huku, shemeji," jirani mmoja aliita.

"Nakuja," Fundi alisema, asiende. Alibaki ameshikilia fremu ya mlango, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli.

Inspekta aliliona hilo, akaliweka akiba. Muuguzi aliporudi juu anahema, alimvuta kando.

"Yule Fundi, mlifika pamoja?"

"Pamoja wapi? Nimegonga, kanifungulia. Tena peku. Na sebule inanuka lehemu mpaka pua inawasha."

Sajini wa kitengo cha kompyuta, aliyefika wakati huo, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Watu wa kituoni walimtania kwamba anaongea na mashine kwa adabu kuliko anavyoongea na wakubwa wake. Inspekta, ambaye simu yake ilikuwa ya vitufe na tochi, hakuwa na la kumtania.

"Simu ya binti haikulia," alimwambia. "Na kompyuta inasema imeunganishwa. Nieleze."

"Hiyo nukta ya kijani ni mapambo, afande. Inakwambia imeunganishwa, haikwambii imeunganishwa na nani. Ngoja tuiulize yenyewe."

Kwenye kioo cha kompyuta alifungua dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi. Akaandika amri moja fupi, akabonyeza. Mistari myeupe ikashuka. Inspekta aliinamisha kichwa.

"Soma."

"Jina la mtandao: Mkate Moto."

"Ndiyo waifai ya nyumba hii," muuguzi alisema. "Fundi aliipa jina hilo kwa ajili ya mkewe."

"Nguvu ya mawimbi," Sajini aliendelea, kisha akasita. "Asilimia hamsini na nane."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni ya ajabu. Ruta iko wapi?"

Ilikuwa koridoni, kwenye rafu, upande wa pili wa ukuta wa chumba kile. Taa zake zote zilimeta; kwa umbali ule namba ingekuwa tisini na zaidi. Sajini aliinyanyua, akasoma kibandiko chini yake, akaandika kwenye kiganja. Akarudi, akalinganisha.

"Kila kifaa kinachorusha waifai kina anwani yake, afande, herufi na tarakimu kumi na mbili. Jina unaweza kulitunga upendavyo, hata mimi naweza kuitwa Mkate Moto. Anwani hii kifaa huzaliwa nayo. Ya ruta ni hii kiganjani. Ya kitu kinachoongea na kompyuta hii ni nyingine kabisa."

"Kwa hiyo kuna Mkate Moto wa pili."

"Na yuko hewani sasa hivi. Amri hii haionyeshi ya jana. Inaonyesha ya sasa."

Sajini aliirudia. Hamsini na saba. Akairudia. Hamsini na tisa. Sebuleni kiti kilisogea, nyayo zikapita kuelekea dirishani.

"Arobaini na nne," Sajini alisema.

Inspekta alinyoosha shingo. Fundi alikuwa amesimama dirishani sebuleni, anatazama gari linalobeba marehemu likigeuza kule chini.

"Nesi," Inspekta alisema kwa sauti ya chini, "hebu shuka ngazi mpaka chini na simu yako, kisha upande tena. Samahani kwa miguu yako."

Muuguzi alishuka. Sajini aliandika amri mara sita. Namba haikutikisika. Muuguzi akapanda, akaketi koridoni, akavua kiatu kimoja.

"Fundi," Inspekta aliita, "njoo kidogo."

Fundi alikuja. Sitini na tatu. Koridoni, sabini na nane. Aliposimama kizingitini mwa chumba cha marehemu, Sajini alisoma namba kwa midomo tu, bila sauti: tisini na sita.

Kisha Sajini aligeuza dirisha lingine, lile la kengele yenyewe, na uso wake ukabadilika. Alimwita Inspekta kwa kidole, akamnong'oneza.

"Aliita mara kumi na moja, afande. Ya kwanza saa nane na dakika kumi na mbili. Ya mwisho saa tisa na dakika tano. Zote zimo humu, hazikutoka. Zinasubiri njia."

"Zinasubiri?"

"Ikipata ruta ya kweli zitaondoka zote kwa mkupuo. Zitafika kwenye simu ya binti kama zimetumwa sasa hivi."

Inspekta alivuta kiti, akaketi. Sasa alielewa ule mguu uliorudishwa kwenye ngazi. Alielewa, na moyo wake ukawa mzito, maana kuna kesi ambazo mtu hufurahi kuzitegua, na hii haikuwa mojawapo.

"Weka simu yako hapa kitandani, Fundi. Usiizime."

Fundi aliitoa mfukoni, akaiweka juu ya godoro lililokuwa bado na bonde la mwili wa mama. Kwenye kioo paliandikwa kwamba inagawa mtandao, na kifaa kimoja kimeungwa.

"Una haki ya kukaa kimya."

"Nimekaa kimya tangu saa kumi, afande. Inatosha."

"Hukuwa kibandani."

"Sikuwa. Nilirudi saa saba na nusu kula. Nikamkuta mke wangu amelala mezani, kijiko bado kiko mdomoni. Nikakitoa, hakushtuka. Nikambeba, nikamlaza. Nikasema leo huyu atalala. Muda wa saa mbili tu."

"Ungezima simu yake."

"Angeamka aikute imezimwa, asingelala tena mwezi mzima. Na kengele ikikosa njia, nukta inageuka nyekundu. Mama alikuwa akiona nyekundu analia. Nilitaka aone kijani." Alimeza mate. "Kwa hiyo nikazima ruta, nikaipa simu yangu jina lile lile na neno la siri lile lile. Kibandani tunafanya kila siku. Mteja analeta spika inayojua waifai ya kwake tu, unaipa simu yako jina la waifai hiyo, spika inaingia yenyewe. Nikafunga data. Kompyuta ikaona imefika nyumbani. Kijani kikabaki."

"Na zile simu za mama zikaingia shimoni."

"Nilisema nitakuwa namchungulia mwenyewe kila robo saa. Naapa nilisema. Saa nane kasoro nilimchungulia, amesinzia. Nikakaa hapo sebuleni na simu ya mteja, imeingia maji. Nikawasha feni ya kutoa moshi. Kazi ile ukiinama na kile kioo jichoni, dunia inakuwa kubwa kama ukucha. Unahesabu skrubu. Nilipoinua kichwa, nesi anagonga."

"Hukusikia akianguka?"

"Feni ilikuwa inavuma." Aliupapasa ukuta kwa kiganja. "Alikuwa hapa. Mimi nilikuwa pale."

Koridoni muuguzi aliacha kuvaa kiatu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nesi alipoingia humu, nikawasha ruta, nizime simu yangu, mambo yarudi kama yalivyokuwa kabla mke wangu hajaamka. Kidole kilikuwa juu ya kioo, afande. Ndipo nikasikia yowe. Nikaja, nikaona kitufe mkononi mwake. Mimi ndiye niliyeitengeneza ile kengele, nikajua zimo ndani. Nikizima simu tu, zinakwenda. Nikishuka ngazi, nikafika mbali, zinakwenda. Kuigusa kompyuta, nesi amesimama kama askari."

"Ukaogopa jela."

"Niliogopa, sitakudanganya. Lakini jela mtu anatoka. Nilimwogopa yeye akiisikia ile simu."

Inspekta aliona macho ya Fundi yameganda kwenye kitu nyuma yake, akageuka. Binti alikuwa amesimama kizingitini, amerudi kimya kutoka kusindikiza gari. Ameshika simu kwa mikono miwili. Hakuna aliyehitaji kumuuliza amesikia kuanzia wapi.

"Mke wangu," Fundi alisema.

Binti alimtazama Inspekta.

"Uliniahidi."

"Nakumbuka." Inspekta alisimama, goti likagoma, akajikaza. "Sikiliza, mama. Sajini anaweza kuizima hiyo kompyuta sasa hivi, tukaichukua kama kielelezo. Hutasikia chochote. Mengine yatasomwa mahakamani, na si lazima uwepo."

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Binti aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mzigo na kuusawazisha kwanza. Kisha akamgeukia mumewe.

"Fundi. Zima."

"Usinifanyie hivyo. Nakuomba, usijifanyie hivyo."

"Miaka miwili hajaniita nikaacha kumjibu. Zima."

Fundi alimtazama Inspekta. Inspekta hakusema ndiyo wala hapana. Baadaye, akiandika ripoti, mstari huo ndio uliomchukua muda mrefu kuliko yote. Fundi aliinama juu ya kitanda, akagusa kioo kwa kidole kilichoungua.

Sajini aliandika amri yake mara moja tena, pengine kwa sababu mikono yake haikujua ifanye nini. Jina: Mkate Moto. Anwani ile ya kiganjani. Asilimia tisini na saba.

Simu ikalia mkononi mwa binti. Ilikuwa na mlio wa kengele ya baiskeli. Mama mwenyewe aliuchagua siku ya kwanza, kwa kunyoosha kidole na kucheka kwa upande mmoja wa mdomo. MAMA ANAITA, SAA 8:12.

Binti aligusa NAKUJA.

Kando ya kitanda taa ya buluu ikawaka.

Ikalia tena, saa 8:15. Akagusa NAKUJA. Saa 8:16. NAKUJA. Muuguzi alijifunika uso kwa khanga yake. Kwa ile ya saa 8:31 binti alianza kusema kwa sauti, kila mara akigusa: "Nakuja, Mama. Nakuja." Hakulia. Alisema kwa sauti ile ya kila siku, ya mtu aliyekurupushwa usingizini, anatafuta ndara zake. Kati ya ile ya saa 8:31 na ile ya saa 8:50 ilielekea mama alikata tamaa kidogo, kisha akajaribu tena mara nne mfululizo. Tatu za mwisho zilipishana kwa dakika moja moja.

Ya saa 9:05 ilipokwisha, Fundi alikuwa amekaa sakafuni, pale pale mama alipokuwa, mgongo ukutani.

"Sasa najua," binti alisema. Aliiweka simu yake kitandani, kando ya simu ya mumewe.

Inspekta alimsaidia Fundi kusimama. Hakumfunga pingu, na Sajini hakuuliza kwa nini. Mlangoni Fundi alisita, akatazama nyuma.

"Ile taa haizimiki mpaka kitufe kibonyezwe, afande. Niruhusu niizime."

Inspekta alimtazama binti.

"Iache," binti alisema.

Wakashuka ngazi, Fundi mbele, Inspekta nyuma akishikilia ukuta kwa sababu ya goti. Juu, binti alikuwa amechukua shuka safi kabatini, akaanza kutandika kitanda cha mama kwa mwanga wa buluu.